Kabla Hujampigia Mshauri wa Mtandaoni: Mwongozo kwa Wakazi wa Same na Milima ya Upare

Ukipanda kutoka Same mjini kwenda Vudee, Chome au Mbaga, utawakuta watu wamesimama kando ya njia, simu imebanwa sikioni, mkono wa pili umeziba sikio jingine. Hapo ndipo mtandao unaposhika. Vijiji vingi vya mlimani vina mahali pa namna hiyo: jiwe fulani, ukingo wa shamba la migomba, kona ya uwanja wa shule. Hapo mtu huulizia bei ya tangawizi, humwomba mwanawe aliye Dar es Salaam ada ya mdogo wake, hupokea habari za msiba. Na kila apitaye husikia.

Nimeanza na mahali hapo kwa sababu siku hizi mtu wa Same anaweza kuzungumza na mwanasaikolojia aliyeko Moshi, Dar es Salaam au Nairobi bila kupanda basi. Matangazo yamejaa kwenye simu. Ndugu walioko mjini wanawaambia wenzao waliobaki nyumbani, "Mtafute mtaalamu mtandaoni uzungumze naye." Kwa wengi ni ushauri mzuri. Lakini anayepewa ushauri huo huanza kwa kuuliza bei, au programu ya kupakua. Ningemwomba aanze na maswali mawili ya nyumbani zaidi: nitakaa wapi ninapozungumza, na nani atanifikia hali ikiwa mbaya? Majibu ya maswali hayo yataamua mengi kuliko kasi ya intaneti.

Kazi yenyewe ni ipi

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa majina. Mshauri nasaha amesomea kusikiliza na kumsaidia mtu kupanga mawazo yake wakati wa tatizo. Mwanasaikolojia tiba amesomea zaidi namna akili inavyougua, na hutumia mazungumzo yenye mpango kutibu sonona, hofu iliyopitiliza na majeraha yanayoachwa na tukio baya. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba kwanza, kisha akabobea. Yeye ndiye anayeandika dawa. Mtandaoni wote watatu huitwa "mshauri", na wapo wasiosomea chochote wanaojiita hivyo pia.

Mazungumzo huchukua dakika 45 hadi saa moja, kwa kawaida mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Aliyezoea kikao cha ukoo, ambapo baba mkubwa husikiliza kisha hutoa uamuzi, atashangaa kidogo: mtaalamu huuliza zaidi kuliko anavyoshauri. Tena hamalizi yote siku ya kwanza. Waliochimba ndiva katika milima hii walilijua jambo hilo kwa upande wa maji. Ndiva hukusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi hufunguliwa kwa zamu, shamba baada ya shamba. Ukiyaachia yote kwa mkupuo yanaondoka na udongo pamoja na mbegu. Mtu aliyefungia jambo moyoni miaka kumi naye hufunguliwa polepole. Kwa hiyo ukitoka kwenye mazungumzo ya kwanza umechoka na umelia, usidhani mambo yameharibika. Mwambie mtaalamu wiki inayofuata kwamba ulichoka, apunguze mwendo.

Wapo wanaosema tiba ya mazungumzo ni mambo ya Wazungu, au ya wasomi wa mjini. Hapana. Katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, watafiti waliwakusanya wanakijiji wenye sonona katika vikundi vya kuzungumza, vikiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha nafuu kubwa. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Waliokuja kwao walikuwa na tatizo ambalo kwa Kishona huitwa kuwaza kupita kiasi, na sisi tunalijua vizuri: mtu anasema "nina mawazo", wala hasemi zaidi. Utafiti wa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba benchi lile linasaidia. Na kwa sonona, wasiwasi na huzuni ya kufiwa, tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba mazungumzo ya simu au video, yakifanywa na mtu aliyefunzwa, huleta nafuu inayokaribiana na ya kukaa ana kwa ana.

Utajuaje kwamba umefika mahali pa kutafuta mtaalamu? Kipimo kinachotumika sana ni wiki mbili. Kama kwa wiki mbili, karibu kila siku, huna furaha wala hamu ya kazi uliyokuwa ukiipenda, usingizi umevurugika, chakula hakipiti au unakula kupita kiasi, mwili mzito, unajiona hufai, basi hilo si uvivu wala udhaifu wa imani. Pitia pia zahanati upimwe, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingo huweza kuleta uchovu na huzuni za namna hiyo hiyo, na mazungumzo peke yake hayawezi kuongeza damu.

Faida ya mtu asiyekujua

Mlimani hatuna wageni. Muuguzi wa zahanati ni shemeji wa jirani yako. Mchungaji alisoma na kaka yako. Mwenyekiti wa kitongoji utakutana naye kwenye msaragambo wiki hii hii, mnashika majembe bega kwa bega mkitengeneza barabara. Ukaribu huo ndio unaotubeba wakati wa msiba na wakati wa njaa, na sitaki kuudharau. Lakini kuna mambo ambayo ukaribu unayafunga mdomo. Mwalimu ambaye ndoa yake inavunjika, na mumewe ni mzee wa kanisa. Kijana aliyerudi kutoka Dar akiwa na deni la mikopo ya simu, na nyumbani wanaamini yuko likizo. Mama aliyeharibikiwa na mimba ya tatu na amechoka kuulizwa. Hawa wanaweza kukaa miaka bila kusema, kwa sababu hakuna wa kumwambia asiye ndugu wa mtu. Sauti ya mtu aliyeko mbali, asiyeujua ukoo wao wala hatawaona sokoni siku ya gulio, kwao inaweza kuwa nafuu ya kwanza.

Nawafikiria pia wengine. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na basi dogo yaligongana na kuungua moto, wakafa watu zaidi ya 35. Tunahesabu marehemu, tunahesabu majeruhi. Waliokimbilia pale na ndoo za maji, waliowavuta watu kupitia madirishani, wahudumu waliopokea miili usiku ule, hao hatuwahesabu. Wala hatukuwahesabu waliochimba tope kutafuta majirani zao kule Goha, Mamba Miamba, mlima ulipoporomoka Novemba 2009. Baada ya tukio kama hilo, kukosa usingizi, kushtuka breki zinapolia, kuiona picha ile ile ukifumba macho ni jambo la kawaida katika wiki za mwanzo, na kwa wengi hupungua lenyewe wakiwa katikati ya watu wao. Mwezi ukipita na hali haijapungua, au umeanza kukwepa barabara, kunywa ili ulale, kukasirika na watoto bila sababu, tafuta mtaalamu. Kuna tiba ya mazungumzo kwa ajili ya hali hiyo hasa, na inaweza kufanyika kwa simu.

Pale ambapo simu haitoshi

Sasa umbali huo huo una upande wake mbaya. Mtu aliyeko Dar es Salaam hawezi kukushika mkono. Haoni kwamba umekonda, hasikii harufu ya pombe, na ukikata simu ukiwa unalia, hana mlango wa kugonga.

Kwa hiyo kama wewe au nduguyo anasikia sauti wasizosikia wengine, anaamini watu wanamfuatilia, hajalala siku kadhaa na bado ana nguvu za ajabu, au ameacha kula na kuzungumza, msianze na mtandao. Mpelekeni kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya ya Same, na wao watawaelekeza mbele ikibidi: hospitali za Mawenzi au KCMC mjini Moshi, mwendo wa kilomita zipatazo 100 kwa lami. Wapo wanaokwenda upande wa pili, Lutindi katika milima ya Usambara, hospitali ya Walutheri iliyoanza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani na ikaja kuwa ya wagonjwa wa akili. Baada ya dawa kutuliza hali, mazungumzo ya simu yanaweza kuwa msaada mzuri wa kufuatilia, ili mgonjwa asipande na kushuka mlima kila wiki mvua zikiwa zimekaza. Ila dawa haziachwi wala hazibadilishwi kwa neno la mtu wa kwenye simu ambaye si daktari wako, ziwe za akili au za kifafa.

Mama aliyejifungua karibuni nimtaje peke yake. Huzuni ya siku chache baada ya uzazi huwapata wengi na hupita. Ikizidi wiki mbili, atafute msaada, na simu inaweza kumfaa kwa kuwa mtoto hamruhusu kusafiri. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kusema mambo yasiyoeleweka juu ya mtoto, au kuogopa kwamba atamdhuru, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mama na mtoto wasiachwe peke yao hata kidogo.

Pombe nayo. Anayekunywa dengelua au gongo kila siku kwa miaka, akiacha ghafla kwa sababu mshauri wa simu amemtia moyo, anaweza kutetemeka, kupata degedege na hata kufa. Kuacha kwake kuanzie hospitalini. Kuhusu mirungi, ambayo imelimwa katika baadhi ya vijiji vya milima hii kwa muda mrefu licha ya kukatazwa na sheria: hufukuza usingizi, na kwa baadhi ya watumiaji huzidisha wasiwasi hadi wakaona maadui kila upande. Mweleze mtaalamu wako ukweli kama unatafuna. Kazi yake ni kukutibu, na asipojua atatibu kitu kingine.

Yapo mawazo ya kutaka kufa. Niyaseme wazi, kwa sababu kunyamaza hakujamwokoa mtu. Kama mawazo hayo yamekujia na umeanza kupanga, leo hii mwambie mtu mmoja anayeweza kukufikia kwa miguu, akae nawe, na dawa za shambani na kitu kingine chochote cha hatari viondolewe vifichwe. Kisha mwende hospitali. Wengi huogopa kusema kwa sababu wamesikia kwamba ni kosa la jinai. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Lakini kuwa na mawazo hayo, na kumwambia daktari, mwanasaikolojia au mke wako, hakujawahi kuwa kosa. Sema mapema.

Mtoto au kijana anayeteswa, anayeguswa asikotaka kuguswa, au aliyekata tamaa ya shule anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na hata simu ya kitochi inatosha. Mtu mzima anayetaka kuuliza huduma za afya anaweza kupiga 199 ya Wizara ya Afya, nayo ni bure. Anayepigwa nyumbani, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri.

Mahali pa kukaa

Sasa lile swali la kwanza. Nyumba zetu nyingi kuta zake hazifiki kwenye paa, na sauti ya chumba kimoja inalala chumba cha pili. Kabla hujalipa hata shilingi, fanya jaribio. Siku na saa ile ile unayotarajia kuzungumza, nenda ukakae pale unapofikiria, nusu saa, na simu yako mkononi. Hesabu waliopita. Hesabu waliokuita. Angalia mtandao ulipotea mara ngapi. Kama ni ndani ya nyumba ya bati, kumbuka kwamba mvua ikianza hutasikia neno, na masika mlimani haiombi ruhusa. Mkubaliane mapema kwamba ikinyesha mnahamia kwenye kuandika au siku nyingine, bila kulipa mara mbili. Shambani pana faragha, lakini mtu anayezungumza peke yake na kulia chini ya mgomba huvuta watu kwa wema kabisa, waje kuuliza amefiwa na nani. Mwalimu anaweza kuomba ofisi baada ya masomo. Wengine hushuka Same mjini siku ya soko, wakakodi chumba cha wageni kwa saa mbili. Ni gharama, lakini kwa aliyekosa faragha kabisa nyumbani huenda ni nafuu kuliko nauli ya Moshi.

Simu unayotumia ni ya nani? Kama mnachangia na mwenzako, au watoto huichezea, basi mazungumzo ya kuandika na sauti zilizorekodiwa yatabaki humo yakimsubiri msomaji. Simu ya kawaida ya kupiga haiachi maneno nyuma, huacha namba tu. Weka neno la siri, na mwambie mtaalamu asikuandikie wala kukupigia nje ya muda mliopanga. Kama kuna mtu nyumbani ambaye akijua utaumia, kubalianeni maneno ya kujificha. Ukisema, "Zile mbegu za tangawizi nitakuulizia," yeye ajue kuna mtu ameingia, ajibu habari za mbegu, na simu ikatwe kwa amani. Mtaalamu anayeona jambo hilo ni la kipuuzi hajawahi kufanya kazi na watu wanaoishi kwa hofu.

Video ni nzuri kwa sababu mnaonana, lakini hula bando mara nyingi zaidi ya sauti. Pima mwenyewe: angalia salio la MB, zungumza na rafiki kwa sauti ya WhatsApp dakika 10, angalia tena, zidisha mara tano. Sauti ikikwama kila dakika, usione aibu kuomba simu ya kawaida. Tatizo ambalo watu hawalitegemei ni ukimya. Ana kwa ana, mtaalamu akinyamaza unaona anakutazama, anakusubiri. Kwenye simu ukimya unafanana na mtandao uliokatika. Mtu yuko katikati ya jambo ambalo hajawahi kumwambia yeyote, analitafutia neno, upande wa pili kimya, anashtuka, "Haloo? Unanisikia?" na lile neno limeshakimbia. Muafikiane siku ya kwanza kwamba yeye akinyamaza atakuwa akiguna kidogo kila mara ili ujue yupo, na laini ikikatika kweli, nani atapiga tena. Jambo dogo, lakini limewafanya wengine wadhani wamepuuzwa na wasirudi.

Na saa. Kama mtaalamu yuko nje, au ni Mtanzania aliyezoea saa za kompyuta, "saa mbili" yake inaweza kuwa saa nane yako. Andikeni "saa 2 usiku, yaani 20:00". Binti wa Kipare anayefanya kazi za ndani Muscat, ambaye mapumziko yake ni baada ya tajiri kulala, akumbuke kwamba Oman iko mbele ya Tanzania kwa saa moja. Naye akiwa anadhulumiwa, mshauri wa simu ni wa kumtia nguvu tu; ubalozi wa Tanzania ndio wa kumtoa.

Mtu wa upande wa pili

Muulize jina lake kamili, amesomea nini na chuo gani, anafanya kazi hospitali au taasisi ipi, na nani humsimamia kazi yake. Aliyesoma hakasiriki kuulizwa. Kisha piga simu ya mapokezi ya hospitali aliyoitaja, namba uliyoitafuta mwenyewe na si aliyokupa yeye, uulize kama yupo. Akisema ni daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo lenye orodha ya waliosajiliwa. Unapolipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri: lisome. Likiwa tofauti na jina alilokupa wala si la taasisi aliyoitaja, simama hapo hapo uulize. Usilipe mazungumzo kumi kwa pamoja ili upate punguzo. Lipa moja, uone. Anayeahidi kukuponya kwa siku tatu, anayekutumia jina la ugonjwa wako baada ya ujumbe mmoja, anayeuza dawa zake mwenyewe, anayetaka picha zako au kukuita mpenzi, mwache siku hiyo hiyo.

Lugha ina uzito. Kuna programu za nje zenye wataalamu wazuri, ila lazima uugue kwa Kiingereza. Mtu anayesema "roho imechoka", "kichwa kinawaka moto", "mwili umekufa ganzi" anaeleza ugonjwa wake kwa usahihi, na akilazimika kutafsiri atatoa nusu yake. Chagua anayesikia Kiswahili. Kwa bibi anayeota na kulia kwa Chasu, lugha ya Wapare, ni vigumu zaidi, na mjukuu wa kutafsiri si suluhisho, maana yapo asiyoweza kuyasema mbele ya mjukuu. Yeye apelekwe kwa mtu wa karibu mwenye lugha yake. Hata wewe ambaye Kiswahili ni chako, kuna neno la mama litakuja kwa Chasu. Liseme kwanza hivyo hivyo, kisha ulifafanue.

Imani pia. Wasabato wako katika milima hii tangu mwaka 1903, Walutheri wana dayosisi yao, na Waislamu ni wengi hasa upande wa Usangi na Ugweno. Mtaalamu si lazima awe wa dini yako, lakini asiidharau. Ukimwambia nyumbani wanasema umerogwa, akicheka, tafuta mwingine. Aliyefunzwa vizuri atakuuliza wewe mwenyewe unaonaje na ulianza lini kuogopa. Mchungaji au shehe wako anaweza kuendelea kukuombea huku ukitibiwa.

Kisha siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ipo Tume ya kupeleka malalamiko. Hata hivyo, kilichohifadhiwa kinaweza kuibwa. Mwaka 2020 nchini Ufini kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya Vastaamo zilivuja, na mwizi akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja akiwadai fedha ili asizichapishe. Mwaka 2023 kampuni ya BetterHelp ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 7.8 kumaliza shauri la tume ya serikali iliyoituhumu kuwapa Facebook na Snapchat taarifa za wateja iliowaahidi siri. Kwa hiyo uliza: unaandika nini kunihusu, unakiweka wapi, unarekodi? Una haki ya kukataa kurekodiwa. Na zile programu za kompyuta zinazojibu kama mtu, ambazo vijana wengi sasa huzimwagia moyo usiku wa manane, zinaweza kukusaidia kupanga maneno. Haziwezi kumpigia jirani yako simu.

Hapo tunarudi kwa yule wa kukufikia. Kabla ya mazungumzo ya kwanza, chagua mtu mmoja aliye karibu kwa miguu: dada, rafiki, mhudumu wa afya wa kijiji. Si lazima ajue unazungumza nini. Ajue tu kwamba unapata msaada, na kwamba namba yake umempa mtaalamu kwa ajili ya siku ya hatari. Mtaalamu naye ajue kijiji chako kwa jina na kituo cha afya kilicho karibu. Asipouliza mambo hayo siku ya kwanza, mwambie wewe. Kama huna hata mtu mmoja wa kumtaja, ningekushauri uanze ana kwa ana, hata kwa kushuka Same mara moja kwa mwezi, hadi apatikane.

Jipime baada ya mazungumzo manne. Usiulize kama umepona. Uliza kama unalala zaidi kidogo, kama umerudi shambani au kanisani, kama kuna jambo moja unalifanya tofauti. Pasipo na badiliko lolote, mwambie mtaalamu. Wakati mwingine hubadilisha njia, wakati mwingine hukuelekeza kwa mwingine, na hapo hujamkosea adabu.

Kwa anayejiona tayari lakini hajui aanzeje kuandika, ujumbe huu unatosha, na unakwenda hata kwa kitochi:

"Habari za leo. Ninaishi wilaya ya Same. Kwa wiki nne silali vizuri na sina hamu ya kazi. Natafuta mtaalamu wa kuzungumza naye kwa Kiswahili, kwa simu ya sauti, mara moja kwa wiki. Naomba kujua umesomea nini na wapi, unafanya kazi taasisi gani, malipo ni kiasi gani, na unafanya nini mteja wa mbali akipata hali ya hatari. Tafadhali usinipigie. Niandikie, nami nitakupigia nikifika mahali ambapo hakuna anayenisikia."